Maswali ya Wasomaji: Vitufe vya Mashine ya Michezo katika Bamba la Chuma

Tulipoeleza namna ya kuunda sanduku la mashine ya michezo ya video, lile la kusimama lenye skrini juu na vitufe vya kubonyeza chini yake, tulizungumzia mbao zaidi kuliko chuma. Wasomaji kadhaa wametuandikia tangu hapo wakiuliza habari za bamba la vitufe, yaani sehemu ambapo wachezaji huweka mikono, kwa sababu wengi wao wanataka kulitengeneza kwa chuma ili lidumu. Nimechagua barua tano. Tatu za kwanza zinarudi kwenye jambo ambalo wauzaji wa vitufe hawalitaji mara nyingi: kitufe huchaguliwa kwanza kwa unene wa bamba na kipenyo cha tundu, ndipo rangi na jina la kiwanda vifuate.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tanga. Mteja ameniletea vitufe vya plastiki vilivyoagizwa kutoka China, sita kwa kila mchezaji, na anataka bamba la chuma la mm 1.5 kwa ajili ya mashine ya wachezaji wawili. Pakiti imeandikwa mm 30, lakini nikipima kofia ya kitufe napata mm 33. Nitoboe tundu la ukubwa gani, na nitumie kifaa gani ili chuma kisipinde wala tundu lisiwe na umbo la yai? (Fundi, Tanga)

JIBU: Fundi, vipimo vyote viwili ni sahihi. Ile mm 30 ni kipenyo cha tundu, na mm 33 ni upana wa kofia inayokaa juu ya bamba na kulifunika tundu. Maana yake ni kwamba kofia inakuachia mm 1.5 tu kila upande, na kosa lolote litakalozidi hapo litaonekana kwa macho hata baada ya kitufe kuingia.

Kabla hujagusa drili, kigeuze kitufe kimoja na ukitazame kwa chini, kwa sababu vitufe hivi hushikilia bamba kwa njia mbili tofauti. Vya aina ya kwanza vina vikucha viwili vya plastiki vinavyonyumbuka ubavuni: unakisukuma kitufe kwa kidole gumba kutoka juu, vikucha vinabanwa vinapopita ndani ya tundu, kisha vinafunguka chini ya bamba na kukamata ukingo wake wa chini. Vya aina ya pili vina hesi ubavuni na nati pana ya plastiki inayokazwa kutoka chini. Viwanda vya Japani hutengeneza aina zote mbili kwa tundu lilelile la mm 30. Kwa mfano, kiwanda cha Sanwa kina OBSF-30 cha vikucha na OBSN-30 cha nati, na vitufe vingi vya China vimeigwa kutoka kwao. Vitufe vya mtindo wa Kimarekani ni jambo jingine kabisa. Hivyo huhitaji tundu la inchi 1 na sehemu moja ya nane, ambayo ni kama mm 28.6, na karibu vyote hufungwa kwa nati. Nakusihi upime kila kitufe, wala usitosheke na kupima kimoja, kwa sababu si ajabu kukuta aina hizo mbili zimechanganywa katika mfuko mmoja.

Kwa bamba lako la mm 1.5 vitufe vya vikucha ndivyo vinavyofaa zaidi, kwa kuwa vilibuniwa kwa ajili ya mabamba membamba ya chuma kama yale ya mashine za Japani. Vikucha havihitaji nafasi ya spana chini ya bamba, na kitufe kikiharibika mchana biashara ikiwa inaendelea, hubadilishwa ndani ya dakika chache.

Sasa tuje kwenye kutoboa. Chora mpangilio wako kwenye karatasi kwa ukubwa halisi. Kama umeuchapisha kwa printa, pima mstari mmoja mrefu kwa rula kabla ya kuiamini karatasi, kwa sababu printa nyingi hupunguza mchoro ili uenee kwenye ukurasa, na upungufu wa asilimia 3 hugeuza tundu la mm 30 kuwa la mm 29. Umbali kutoka kituo cha kitufe kimoja hadi kituo cha kingine uwe karibu mm 36. Hapo utabakiwa na mm 6 za chuma kati ya tundu na tundu, na mm 3 kati ya kofia na kofia, nafasi inayotosha vidole kuhama bila kubonyeza viwili kwa pamoja. Ukitumia vitufe vya nati itakubidi uongeze umbali huo hadi mm 38 au 40, kwa sababu nati ni pana kuliko kofia na zitagongana huko chini. Vitufe vya kuanzia mchezo, vile vidogo vinavyowekwa pembeni, kwa kawaida ni vya tundu la mm 24.

Bandika karatasi juu ya bamba, piga kila kituo kwa senta panchi, kisha toboa tundu dogo la mm 3 katika kila alama. Usilipuuze tundu hilo dogo, kwani ndilo litakaloiongoza biti kubwa. Pasipo hilo, biti hutangatanga juu ya chuma laini na kukupa umbo la yai unalolikimbia.

Kifaa ninachokupendekezea ni biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia inayopanuka hatua kwa hatua. Biti zinazouzwa sana huanzia mm 4 na kuishia mm 32 kwa hatua za mm 2, kwa hiyo katika biti moja utapata mm 24, mm 28 na mm 30. Ubaya wake ni kwamba baada ya mm 30 hatua inayofuata ni mm 32, na mkono ukizidisha msukumo mara moja tu, tundu limekwisha kuharibika. Zungushia utepe wa rangi kwenye hatua ya mm 32, na hatua ya mm 30 inapoanza kuingia punguza nguvu kabisa, uiache biti imalize kwa uzito wa drili yenyewe.

Kinachounguza biti nyingi za mafundi wetu ni kasi. Chuma laini hukatwa vizuri kwa biti ya kawaida ikiwa ukingo wake unakwenda karibu meta 25 kwa dakika. Kwa kipenyo cha mm 30 hesabu hiyo ni kama mizunguko 265 kwa dakika. Drili ya umeme ya mkononi iliyowekwa kwenye kasi ya juu huzunguka mara 2,800 au zaidi, yaani mara kumi ya inavyotakiwa, na ndiyo maana utaona moshi, biti inageuka rangi ya samawati, na baada ya matundu mawili haikati tena. Weka gia ya chini, bonyeza kitufe cha drili nusu tu, tia tone la mafuta kwa kila hatua, na hata oili ya injini itafaa. Alumini huruhusu kasi kubwa zaidi, mara mbili au tatu ya hiyo, nayo hupenda mafuta ya taa kwa sababu pasipo kilainishi hunata kwenye meno ya biti; fanya hivyo mbali na moto na mbali na cheche za mashine yako ya kuchomelea.

Bamba lisishikwe kwa mkono hata kidogo. Lilaze juu ya ubao mnene na ulibane kwa klampu mbili, ili biti inapotokea upande wa pili iingie kwenye ubao na chuma kisipinde. Wakati ule wa kutokea ndipo biti huuma ukingo na kulizungusha bamba lote, na bamba jembamba linalozunguka ni kisu. Vaa miwani, lakini vua glavu unapotumia drili, kwani glavu ikikamatwa huvuta vidole pamoja nayo.

Ukiwa na kazi nyingi za namna hii, tafuta panchi ya matundu wanayotumia mafundi umeme kwenye masanduku ya swichi: unatoboa tundu la boliti, unaweka kisu juu na kikombe chini, kisha unakaza kwa spana mpaka chuma kinakatika. Tundu lake ni la duara kamili na halina vumbi la chuma. Angalia tu kwamba panchi za vitufe vya viwandani mara nyingi ni za mm 30.5. Kwa kitufe cha nati hiyo haina shida, ila kwa cha vikucha jaribu kwanza kwenye kipande cha chakavu, kwa maana nusu milimita inaweza kukifanya kitufe kicheze. Na kwa mashine kumi au ishirini zinazofanana, ni nafuu kupeleka mchoro wa kompyuta kwenye karakana ya kukata chuma kwa leza, ambako matundu yote ya bamba moja hukatwa kwa dakika chache.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo yasipozingatiwa mapema huwatesa watu mwishoni. La kwanza ni mikunjo. Bamba la mm 1.5 likiwa bapa huyumba katikati likipigwa na mchezaji mwenye hamasa, kwa hiyo likunje kingo zake chini angalau mm 25. Toboa likiwa bado bapa, kisha ndipo ulikunje, na vituo vya matundu viwe mbali na mstari wa mkunjo kwa mm 25 au zaidi. Tundu lililo karibu mno huvutwa na mkunjo na kupoteza uduara wake. La pili ni rangi. Rangi ya unga inayookwa huongeza kama mm 0.06 hadi 0.1 kila upande, hivyo tundu la mm 30.0 hutoka kwenye tanuri likiwa limepungua kipenyo kwa mm 0.12 hadi 0.2. Likwangue kidogo kabla ya rangi mpaka kitufe kiingie kwa ulaini, ili baada ya rangi kiingie kwa kubana kidogo. Ukifanya kinyume chake utalazimika kukwangua rangi mpya ukingoni, na hapo ndipo kutu huanzia, hasa kwenu pwani.

Malizia kwa tupa ya nusu duara. Pitisha kidole (polepole) kwenye ukingo wa chini wa kila tundu: ukihisi makali, bado hujamaliza, kwa sababu makali hayo ndiyo yanayokwaruza vikucha kila kitufe kinapotolewa, hadi siku moja kikucha kinakatika.

SWALI: Nimefunga vitufe vya mm 30 kwenye bamba la alumini la mm 3. Mezani vilikuwa vyepesi kubonyeza, lakini vingine vikishaingia kwenye bamba hurudi juu kwa uzito, na kimoja hubaki chini kabisa. Muuzaji anasema vitufe ni vizima. Shida iko wapi? (Mwanafunzi, Nakuru)

JIBU: Muuzaji anasema kweli, na tundu lako ni dogo. Ndani ya kitufe mna pistoni ya plastiki inayoteleza kwenye mrija wa plastiki, na nafasi kati yake ni finyu sana. Tundu likiwa limepungua hata kidogo, au likiwa na umbo la yai, hubana mrija kutoka pande mbili na pistoni hukwama. Alumini ya mm 3 hubana zaidi kuliko chuma cha mm 1.5 kwa sababu inaushika mrija kwa urefu mara mbili.

Kitoe kitufe kile kinachobaki chini. Usikisukume kwa bisibisi kutoka chini. Bonyeza vikucha vyote viwili kwa wakati mmoja kwa vidole vya mkono mmoja, huku mkono mwingine ukikisukuma juu. Kisha kirudishe tundu lilelile, lakini kabla hujakibana hadi mwisho kizungushe taratibu. Kitufe kinachokaa vizuri huzunguka pande zote kwa ukinzani mdogo ulio sawa. Kikizunguka robo kisha kikakwama, tia alama ya kalamu ukingoni mahali palipokikamata, kitoe, na upitishe tupa hapo tu, mara mbili tatu, kisha ujaribu tena. Msasa wa namba 180 uliozungushiwa kipande cha mti wa mviringo hufanya kazi hii vizuri kuliko tupa kwa mtu asiyezoea.

Kwa kuwa bamba lako ni la mm 3, tazama pia kama vikucha vimefunguka kikamilifu chini yake. Unene huo bado uko ndani ya uwezo wa vitufe vingi vya vikucha, lakini ukifika mm 4 na kuendelea nakushauri uhamie kwenye vya nati. Kitufe ambacho vikucha vyake vimeishia ndani ya tundu kinaonekana kimekaa, ilhali kinashikiliwa na msuguano tu, na siku watoto wakianza kukipiga kwa ngumi kitatoka.

SWALI: Biti ya ngazi ilinizidi nguvu na tundu moja kati ya manane limekuwa mm 32. Bamba limekwisha kupakwa rangi. Je, nilitupe? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usilitupe. Kofia ya mm 33 bado inalifunika tundu la mm 32, ila inakalia nusu milimita tu kila upande na vikucha havina cha kukamata. Kata kipande cha bati cha mm 1 au 1.5 chenye upana wa mm 50 hivi, kitoboe mm 30 kwa uangalifu, kisha kibandike chini ya bamba kwa gundi ya epoksi, kituo chake kikiwa sawasawa na cha tundu lililoharibika. Kwangua rangi upande wa chini kabla ya kubandika ili gundi ishike chuma chenyewe. Acha ikauke usiku kucha huku imebanwa. Bamba lako likiwa la mm 1.5, unene wa jumla utakuwa mm 3 au chini yake, na kitufe cha vikucha kitashika. Ukipata kitufe cha nati chenye rangi inayolingana, hicho ni bora zaidi mahali hapo.

Jirani zake wakiwa karibu mno kwa kipande cha mm 50, kipunguze pande hizo kwa msumeno wa chuma mpaka kiwe na umbo linaloingia kati yao.

SWALI: Nimeunganisha vitufe kwenye bodi ndogo ya USB na kompyuta. Nikivijaribu vikiwa vimelala mezani, kila kimoja kinafanya kazi. Nikivifunga kwenye bamba la chuma, viwili vinasomeka kama vimebonyezwa muda wote. Nimebadilisha bodi na tatizo limebaki. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ukielewa bodi inavyosoma kitufe, utaona kwamba bodi haikuwa na kosa. Kila kitufe kina tamino mbili, yaani ndimi za chuma zinazounganishwa na nyaya. Moja huenda kwenye mguu wake katika bodi, ambako kuna umeme mdogo wa volti 3.3 au 5 kupitia kizuizi, na nyingine huenda kwenye waya wa pamoja unaorudi kwenye sifuri ya bodi. Ukibonyeza, swichi huunganisha hizo mbili, mguu unashuka hadi sifuri, na bodi inasema kitufe kimebonyezwa. Basi chochote kinachoupeleka mguu huo kwenye sifuri bila swichi kitasomeka vilevile, na bamba la chuma linaweza kufanya hivyo kwa urahisi sana. Tamino mbili zikigusa bamba katika sehemu mbili, ya mguu upande huu na ya sifuri upande ule, bamba lenyewe limekuwa waya. Mezani hapakuwa na chuma, ndiyo maana hukuliona tatizo.

Chomoa kila kitu, weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye chuma kitupu cha bamba, na nyingine uipitishe tamino moja baada ya nyingine. Zinazolia ndizo zinazogusa. Mara nyingi utakuta ni kitufe kilicho karibu na mkunjo wa bamba, ambacho kiligeuzwa kwa namna ambayo tamino zake zinautazama ukingo. Kizungushe ili tamino zielekee katikati. Kwa kweli inafaa vitufe vyote vielekezwe upande mmoja kabla ya kuvifunga nyaya. Kazi inakuwa safi na hitilafu huonekana upesi.

Kagua pia upana wa tamino. Vitufe vya mtindo wa Kijapani hutumia vibanio vya mm 2.8, na swichi ndogo za mtindo wa Kimarekani hutumia vya mm 4.8. Kibanio cha mm 4.8 kilichominywa kwa koleo ili kishike tamino ya mm 2.8 hulegea kwa mtikisiko, kisha huegemea bamba. Nunua vilivyo sahihi, na kila kibanio kivishwe mpira wake wa plastiki. Ukitaka kulehemu, lehemu haraka, maana plastiki inayoshikilia tamino hulainika kwa joto na tamino huhama mahali pake.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama mwenye duka la michezo ya watoto mjini Unguja. Mashine yetu moja ina bamba la chuma zuri sana, lakini watoto wakiwa miguu mitupu husema inawasisimua mikononi. Fundi aliyeiunda amesema ni umeme mdogo wa kawaida na hauna madhara. Naomba ushauri wako. (Mama mwenye duka, Unguja)

JIBU: Mama, tafadhali ichomoe mashine hiyo kwenye soketi leo, kabla hujamaliza kusoma, na asiiguse mtoto yeyote mpaka iwe imekaguliwa. Sitaki uchelewe kwa sababu ya maelezo yangu.

Huenda fundi wako ana hoja kwa kiasi fulani. Vifaa vya kugeuza umeme vilivyo ndani ya kompyuta na skrini huwa na kapasita za kuchuja kelele, na pasipo waya wa ethi, yaani ule unaounganisha chuma na ardhi, kapasita hizo hulifanya ganda la chuma lielee kwenye volti zinazokaribia nusu ya umeme wa nyumba, kwa mkondo mdogo sana ambao mtu huuhisi kama msisimko. Lakini kidole cha mtoto hakiwezi kutofautisha mkondo huo na ule unaotoka kwenye waya wa moto uliochubuka na kuegemea bamba, na wala mimi siwezi kuutofautisha kwa barua. Jambo la hakika ni hili: bamba lililofungwa ethi ipasavyo halisisimui. Kwa hiyo katika hali zote mbili mashine yako haina ethi, na siku waya wa moto ukigusa bamba hakutakuwa na njia nyingine ya umeme kupita isipokuwa mwili wa mtoto aliyesimama kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu. Umeme wa kwenye ukuta wako ni volti 230, ilhali vitufe vyenyewe havihitaji zaidi ya volti 5.

Mwite fundi umeme mwenye leseni, awe tofauti na yule aliyeiunda mashine, na umwombe afanye haya mbele yako. Kwanza aithibitishe soketi ya dukani, kwa sababu soketi ya matundu matatu si ushahidi kwamba tundu la tatu limeunganishwa na ardhi. Pili, aitazame plagi na ekstensheni: kama kuna adapta inayogeuza pini tatu kuwa mbili, itupwe. Tatu, afunge waya wa kijani wenye mistari ya njano kutoka kwenye ethi ya waya mkuu moja kwa moja hadi kwenye bamba, kwa boliti yake ya peke yake ambayo haishiki kitu kingine. Rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae mahali pa boliti, iwekwe washa yenye meno, kibanio cha duara, kisha nati. Rangi ya unga haipitishi umeme, na nimeona mashine nyingi ambazo waya wa ethi umefungwa vizuri juu ya rangi na haufanyi kazi yoyote. Kama mlango wa nyuma au sehemu nyingine ya sanduku ni ya chuma, nayo ipate waya wake, kwani bawaba si kiunganishi cha kutegemea.

Nne, nyaya za volti 230 zitenganishwe na nyaya za vitufe. Waya mkuu usipite chini ya bamba, na mahali popote unapopenya kwenye chuma pawe na mpira wa kuuzuia usichubuliwe na ukingo. Mtetemo wa mikono ya wachezaji siku baada ya siku unatosha kuula waya uliolazwa juu ya makali.

Kazi ikiisha, plagi ikiwa bado nje ya soketi, apime kwa multimita kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kwenye chuma kitupu cha bamba: isizidi ohm 1. Kisha umuulize kama ubao wa umeme wa duka lako una kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha miliampia 30. Kama hamna, kiwekwe, na gharama yake uihesabu kuwa sehemu ya bei ya mashine. Waruhusu watoto waiguse tena baada ya yeye kujaribu kitufe cha majaribio cha kifaa hicho, na umeme wa duka ukakatika.